Polaraiza ya Taa: Nini cha Kununua, Nini cha Kuacha

Mteja anapoingia studio na picha ya marehemu babu yake ili itolewe nakala, mara nyingi picha hiyo ni ya karatasi inayong'aa, imejikunja kwenye kingo, na pengine imegandamana na kioo cha fremu kwa unyevu wa miaka mingi. Mpigapicha akiweka taa kushoto, weupe unatokea kwenye paji la uso wa babu. Akiihamishia kulia, weupe unahamia kwenye kanzu. Akiiinua juu, mikunjo yote ya karatasi inawaka kwa pamoja. Kazi ya namna hii inafahamika vizuri katika studio ndogo za Bariadi mjini, Maswa, Lamadi, Lingeka na kokote mkoani Simiyu ambako picha za zamani bado zimetundikwa sebuleni. Na hapo ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua kifaa sahihi na kukifunga mahali pasipofaa.

Kifaa chenyewe ni polaraiza. Wapigapicha wengi wanaifahamu ile ya kufunga mbele ya lenzi, yenye pete inayozunguka na herufi CPL pembeni. Wanainunua wakiambiwa kwamba inaondoa mng'ao, wanaifunga, wanaizungusha, na weupe kwenye paji la uso wa babu unabaki palepale. Wanaamini wameuziwa bandia. Kumbe kichujio ni kizima. Kilichokosekana ni mwenzake, yule wa kwenye taa.

Mwanga wa kawaida, uwe wa jua au wa flashi, hutikisika kuelekea pande zote. Polaraiza hupitisha mtikisiko wa mwelekeo mmoja tu. Mchungaji wa Kisukuma anayetembea na fimbo aliyoilaza mabegani hapiti kwenye lango jembamba la zizi mpaka aisimamishe fimbo yake wima. Na polaraiza ni lango la aina hiyo kwa mwanga. Sasa mwanga uliokwisha kupita hapo ukigonga picha, hurudi kwa njia mbili. Sehemu moja inadunda juu juu, kwenye ngozi ya karatasi, na hiyo ndiyo mng'ao. Inarudi na mwelekeo wake uleule. Sehemu nyingine inazama ndani, inagongana na chembe za rangi huku na huku, kisha inatoka ikiwa imevurugika kabisa. Lenzi ikivishwa polaraiza iliyogeuzwa digrii 90 dhidi ya ile ya taa, mng'ao unakuta lango limefungwa, na rangi ya kweli ya picha inapita.

Bila polaraiza ya taa, kichujio cha lenzi kinategemea bahati ya pembe. Mwaka 1808, mjini Paris, Étienne-Louis Malus aligundua kwamba mwanga uliodunda kwenye kioo cha dirisha huwa umejipanga wenyewe. Mwaka 1815 Mskoti David Brewster akaonyesha kwamba jambo hilo hutimia kwenye pembe maalumu: takribani digrii 53 kwa maji na 56 kwa kioo, zikipimwa kutoka mstari uliosimama wima juu ya uso wa kitu. Ndiyo maana CPL hufanya maajabu kwenye maji ya Ziwa Victoria pale Lamadi au kwenye kioo cha gari. Lakini anayenakili picha huisimamisha kamera yake uso kwa uso na picha, na weupe unatoka kwenye vijikunjo vilivyoinama kila upande. Mwanga huo haujajipanga. Zungusha pete ya lenzi mpaka vidole viume, hakuna kitakachobadilika.

Inafaa kukumbuka kwamba filamu ya polaraiza ilibuniwa kwa ajili ya taa tangu siku zake za mwanzo. Mmarekani Edwin Land, aliyeanza kuitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1920 na kuunda kampuni ya Polaroid mwaka 1937, alitaka taa za mbele za magari zivishwe filamu, na mbele ya macho ya dereva pawekwe nyingine, ili wanaokutana usiku wasipofushane. Yeyote aliyesafiri usiku barabara ya Mwanza hadi Bariadi anaelewa Land alikuwa anatafuta nini. Kampuni za magari hazikuupokea mpango huo, ila filamu ikabaki. Ile aliyoitoa mwaka 1938, plastiki iliyovutwa na kulowekwa kwenye madini joto, ndiyo mama wa filamu nyingi zinazouzwa leo.

Hapa Tanzania, kazi inayoonyesha vizuri zaidi thamani ya mbinu hii ni michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao laini za kiwandani. Wafuasi wake, waliojiunga katika chama cha ushirika mwaka 1990 pale Oysterbay, wameendeleza rangi hizo za mafuta. Rangi ya baiskeli ikikauka hung'aa kama kioo. Ukipiga mchoro huo kwa taa mbili za kawaida, usiku mweusi nyuma ya chui unageuka kijivu, madoa yake yanafifia, na kila mpigo wa brashi unabeba kistari cheupe. Ukiupiga kwa taa zilizovishwa polaraiza na lenzi iliyogeuzwa, weusi unarudi kuwa weusi. Tofauti si ya kutafuta kwa jicho la mtaalamu. Mnunuzi wa mchoro aliye ng'ambo ataiona kwenye simu yake. Wachoraji wanaouza kazi zao kwa picha wanastahili huduma hii, na ni huduma ambayo studio yoyote ya mkoani inaweza kuitoa.

Picha za zamani zinanufaika vilevile. Studio kama Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, zilichapa picha za rangi nyeusi na nyeupe kwa chumvi za fedha. Picha za aina hiyo zikizeeka vibaya, fedha hupanda juu ya karatasi na kuacha utando wa bluu unaometa sehemu zenye giza. Picha za rangi za miaka ya 1970 nazo mara nyingi zilichapwa kwenye karatasi yenye vinundu kama kitambaa, na kila kinundu hurudisha nukta yake ya mwanga. Programu za kompyuta huhangaika sana na vinundu hivyo. Polaraiza mbili huviondoa kabla picha haijaingia kwenye kompyuta.

Basi kinachotakiwa kununuliwa ni filamu ya polaraiza ya mstari, ya kutosha kuzifunika taa, pamoja na kichujio kimoja cha lenzi. Kwenye lenzi CPL, yaani polaraiza ya duara, inafaa bila wasiwasi, kwa kuwa tabaka lake la mbele ni la mstari, na lile la nyuma lipo kwa ajili ya mitambo ya kamera. Kwenye taa, hapana. Filamu ya duara ikifungwa kwenye taa na upande wake wa nyuma ukielekea picha, mwanga hutoka ukizunguka, na hakuna namna ya kugeuza lenzi itakayouzima. Muuzaji asiyejua tofauti ya aina hizo mbili aulizwe swali jingine, au aachwe.

Kampuni kama Rosco na Lee, zinazojulikana kwa karatasi za rangi za taa za jukwaani, huuza polaraiza maalumu kwa studio. Ni nzuri, hazibadili rangi sana, na ni ghali. Bei hupanda haraka kadiri karatasi inavyokuwa kubwa. Lakini ipo njia ya karibu zaidi ambayo wapigapicha wengi hawaifikirii: mafundi wa TV. Kila TV bapa ya LCD ina polaraiza mbele na nyuma ya kioo chake, na filamu hizo huuzwa zikiwa mpya, kwa vipimo vya inchi za TV, kwa ajili ya matengenezo. Karatasi ya TV ya inchi 32 ina takribani sentimita 70 kwa 40. Inatoa vipande sita vya sentimita 20 kwa 20, vinavyotosha kufunika taa mbili zenye vikombe vya kawaida na kubaki na akiba.

Anayenunua filamu ya TV aangalie mambo ambayo fundi hana sababu ya kumwambia. Kwanza, mwelekeo. Zipo za digrii 0, 90 na 45. Achague 0 au 90. Za 45 huleta taabu taa zinapokaa kushoto na kulia, kwa sababu mshazari ule unaonekana tofauti ukitazamwa kutoka kila upande, na lenzi haiwezi kuzizima taa zote mbili kwa pamoja. Pili, uso wake uwe laini unaong'aa, usiwe ule wa ukungu uliotengenezwa kupunguza mng'ao wa TV. Tatu, filamu hizi huja na gundi upande mmoja na ngozi za plastiki za kuzilinda pande zote mbili. Ngozi hizo huvuruga mwelekeo wa mwanga. Mtu akijaribu filamu kabla ya kuzibandua, ataona rangirangi na kudhani amepata mbovu. Upande wa gundi ubandikwe kwenye kioo chembamba cha kawaida, kile kinachokatwa na fundi wa fremu. Plastiki ngumu isitumike, kwani nyingi nazo huvuruga mwanga.

Kupima filamu dukani hakuhitaji maabara. Kikokotoo cha mwenye duka kinatosha. Mwanga unaotoka kwenye kioo cha kikokotoo cha LCD umeshapita kwenye polaraiza. Filamu ikiwekwa mbele yake na kuzungushwa robo mduara, sehemu yote ya namba inageuka nyeusi, kisha inarudi. Kama haikubadilika, hiyo ni tinti ya vioo vya gari au plastiki nyeusi tu, hata kama boksi lake limeandikwa vizuri. Kipimo cha pili: vipande viwili vinapishanishwa mbele ya balbu. Giza liwe zito na sawasawa kote. Filamu nyingi huacha zambarau kidogo, na hilo linavumilika. Ikiwa bluu au kahawia inapita wazi kiasi kwamba umbo la balbu linaonekana vizuri, mng'ao nao utapita. Jua lisitazamwe kupitia filamu hizi hata zikiwa zimepishana na kuonekana nyeusi tii, kwa sababu mionzi yake ya joto isiyoonekana hupita na kuunguza jicho.

Joto ndilo adui wa filamu pia. Ni plastiki, ikikaribia nyuzi 80 za Selsiasi huanza kujikunja na kupauka. Taa za halojeni ambazo bado zinatumika kwenye video za harusi zitaiharibu mapema. Flashi ya studio haina shida yenyewe, ila ile balbu ndogo ya kuelekezea mwanga ndani yake izimwe, na filamu isimame kiganja kimoja mbele ya taa, hewa ikipita. Kwa anayeanza, taa za LED ndizo rahisi kuliko zote. Hazina joto kali, mwanga wake unaonekana kabla ya kupiga, na mchoro au picha ya ukutani haiondoki, hivyo kamera inaweza kuwekwa kwenye stendi na kufunguliwa hata sekunde nzima.

Sekunde hiyo itahitajika. Filamu nzuri hupitisha takribani asilimia 38 hadi 42 ya mwanga, na kichujio cha lenzi hukata tena zaidi ya nusu ya kilichobaki. Kwa jumla mpigapicha hupoteza karibu stopu tatu, yaani moja ya nane tu ya mwanga ndiyo inayofika. Flashi ndogo iliyotosha kwa picha ya pasipoti itaonekana imechoka.

Kuna kosa moja la mpangilio linalofuta faida yote: kuweka filamu ndani ya softboksi, nyuma ya kile kitambaa cheupe. Kitambaa huuvuruga tena mwanga uliokwisha kupangwa. Filamu lazima iwe kitu cha mwisho ambacho mwanga unapita kabla ya kufika kwenye picha, na hiyo ndiyo sababu softboksi kubwa ni mzigo wa bure kwa kazi hii: itadai karatasi ya ukubwa wake. Kikombe kidogo cha chuma chenye kipande cha sentimita 20 kinafanya kazi ileile. Taa zikae kushoto na kulia kwa digrii 45, filamu zote zikiwa na mwelekeo wima, na pete ya lenzi izungushwe mpaka weupe utoweke. Ili kuona vizuri, kijiko au kipande cha chuma chenye kung'aa kiwekwe juu ya picha wakati wa kuzungusha. Kikigeuka cheusi, mwelekeo umekubali.

Dirisha lifungwe. Mwanga wa mchana wa Simiyu unaopenya pembeni ya pazia haukupita kwenye filamu yoyote, kwa hiyo utang'aa juu ya picha kama kawaida yake. Ni afadhali kazi hii ifanyike jioni, balbu ya chumba ikiwa imezimwa na kitambaa cheusi kikiwa nyuma ya kamera.

Vyeti vilivyowekewa lamineshi vina tabia ya kushangaza. Mng'ao wa juu unazimika, lakini ile plastiki iliyovutwa kiwandani hubadilisha mwelekeo wa mwanga unaopenya ndani yake, na matokeo ni mabaka ya rangi za upinde wa mvua juu ya jina la mhitimu. Kukigeuza cheti polepole kwenye meza hupunguza mabaka hayo. Wakati mwingine skana ya kawaida ndiyo jibu, na mpigapicha mwaminifu humwambia mteja hivyo.

Dhahabu, shaba na fedha nazo zinahitaji tahadhari. Chuma hakina rangi iliyozama ndani. Karibu kila tunachokiona juu yake ni mwanga uliodunda. Ukizima mdundo, umezima pete yenyewe. Anayetaka kupiga pete za harusi, bangili au tarumbeta za bendi ya kanisa kwa mbinu hii atapata vitu vyeusi visivyo na uhai.

Na nyuso je? Hapa matangazo ya biashara yanawapotosha watu zaidi. Ni kweli kwamba taa zenye polaraiza hufuta mafuta na jasho usoni, na bwana harusi aliyekaa juani tangu asubuhi anaweza kuonekana mkavu. Lakini ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: ukingo wa shavu, mteremko wa pua, mfupa wa paji. Ukiuondoa wote, uso unakuwa bapa na mzito. Nukta ya mwanga ndani ya jicho nayo hupotea, na mtu anaonekana kama hayupo. Kwa picha ya heshima ya mtu, leso na poda kidogo vina thamani kuliko filamu ya bei kubwa. Akilazimika kuitumia, mpigapicha asiigeuze lenzi digrii 90 kamili. Kanuni ya Malus inasema kwamba kwenye digrii 45 nusu ya mng'ao inabaki, na nusu hiyo mara nyingi ndiyo inayohitajika.

Madaktari wa ngozi wao wanataka kinyume chake. Wanataka kuona madoa, mishipa na mabadiliko ya rangi chini ya tabaka la juu, na kwa hiyo lenzi nyingi za kukagulia ngozi zina polaraiza mbili zilizopishana. Katika nchi ambayo watu wenye ualbino wanaishi na hatari kubwa ya saratani ya ngozi, na ambayo ina kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, tangu mwaka 1992, picha isiyo na mng'ao ni kifaa cha tiba. Mpigapicha akiombwa na mhudumu wa afya kupiga picha za ufuatiliaji wa ngozi, kwa ridhaa ya mgonjwa, hapo digrii 90 kamili ni sahihi, na taa ziwe zilezile kila mara.

Lakini kwa Simiyu kazi kubwa iko ukutani. Huu ni ukanda wa pamba. Kizazi kilichouza pamba kupitia vyama vya ushirika vya Kanda ya Ziwa, vilivyoungana katika shirikisho la Victoria Federation of Co-operative Unions mwaka 1955 chini ya uongozi wa Paul Bomani, kiliacha picha za mikutano, ndoa, baiskeli mpya na watoto waliovalishwa kwenda shule. Nyingi ziko ndani ya fremu, nakala pekee, na wenyewe hawako tayari kuzitoa nyumbani. Wana haki. Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, yaliyoasisiwa na Padri David Clement, yamehifadhi ngoma, viti vya machifu na vyombo vya nyumbani. Albamu za familia hazina jengo la namna hiyo.

Vifaa vya kwenda navyo vinaingia kwenye mfuko mmoja: taa mbili ndogo za LED za betri, vioo viwili vilivyobandikwa filamu na kufungwa kwa taulo, CPL ya lenzi, stendi, kitambaa cheusi na kadi ya kijivu. Kadi ipigwe kwanza, kwa kuwa filamu nyingi za bei nafuu huongeza umanjano au ukijani kidogo unaosahihishwa baadaye kwa urahisi. Picha iliyoganda kwenye kioo isibanduliwe. Ipigwe ikiwa ndani ya fremu, kwa kuwa polaraiza mbili huzima mng'ao wa kioo na wa karatasi kwa pamoja. Ikiwa fremu inafunguka bila kuidhuru, mgongo wa picha nao upigwe, filamu zikiwa zimeondolewa kwenye taa. Mara nyingi huko ndiko kuna muhuri wa studio, mwaka, na majina ya waliosimama yaliyoandikwa kwa kalamu ya wino.